Sentensi Niliyommalizia Mama Faida

Siku yangu ya kwanza kazini nilikalishwa kwenye benchi kando ya mlango, nikaambiwa nisitoe neno mpaka saa sita mchana. Ilikuwa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika ofisi ya mahojiano yenye chumba kimoja, meza moja, na dirisha ambalo vumbi la wilaya ya Dowa liliingia bila hodi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa pia na shahada ya Kiingereza kutoka Bukavu, karatasi niliyovuka nayo ziwa ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya shati, na niliamini kwamba mtu mwenye karatasi kama ile hafundishwi kukaa kimya.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Mkuu wa Wakalimani. Sote tulimwita Shefu. Alikuwa Mrundi, mkaguzi wa shule hapo zamani, mwenye kifua kibovu na sweta ya kijivu ambayo hakuivua hata mwezi wa kumi, jua la Malawi linapopasua midomo. Saa sita ilipofika aliniita nje.

"Profe, umesikia nini?"

Jina la Profe alinipa palepale, wala halikuwa la heshima. Nilimweleza niliyoyasikia: mama mmoja kapoteza kadi, mzee mmoja anataka kuhamia karibu na mwanawe, kijana mmoja alipigwa sokoni Mitundu.

"Na yule mama, alipoulizwa kadi ilipoteaje?"

"Hakujibu."

"Alijibu. Alisema, 'Ile nyumba yetu, na ile mvua ya juzi...' Kisha akaangalia chini. Hilo ni jibu."

"Hiyo si sentensi, Shefu. Haina hata kitenzi."

Wakalimani wawili waliokuwa wakila nsima, ugali wa Kimalawi, kibarazani walicheka mpaka mmoja akapaliwa. "Profe ametuletea kitenzi kutoka Bukavu! Tukipike na majani gani?"

Naandika haya kwa ajili ya ninyi mnaoanza ukalimani sasa, kwa sababu nimesikia mnafundishwa kwa siku tatu tu na kupewa cheti. Sisi tulijifunza kwa kukaa kwenye benchi ile. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mezani walikaa watu watatu: mhoji, yaani afisa anayeuliza na kuchapa, mhojiwa, yaani mwenye kesi, na mkalimani katikati, kiti chake kikirudi nyuma kidogo ili wale wawili watazamane wao, si yeye. Tulifanya ukalimani wa zamu: mtu anasema, ananyamaza, nawe unasema yake kwa lugha ya pili. Kulikuwa pia na ukalimani wa kunong'ona, ambapo unamnong'oneza mtu sikioni wakati wengine wanaendelea kusema, lakini huo ulikuwa wa mikutano. Mwisho wa mahojiano ilikuja hatua tuliyoiita kusomewa upya. Mkalimani anachukua maelezo yaliyochapwa kwa Kiingereza, anamsomea mhojiwa kwa Kiswahili mstari kwa mstari, na mhojiwa akikubali, anatia dole gumba. Baada ya dole gumba, karatasi ile ndiyo yeye. Popote atakapokwenda, itamtangulia.

Shefu alikuwa na sheria moja tu, na aliieleza kwa kuonyesha bomba la maji la kusukuma kwa mkono, ambalo Wamalawi huliita mjigo.

"Mtu akikupa ndoo yake ina maji nusu, peleka nusu. Usipitie kwako kuijaza."

"Na kama anayepelekewa anataka ndoo iliyojaa?"

"Mwambie amwulize mwenye maji."

Nilimwona mzee wa mafumbo. Mimi nilikuwa mtu wa kuuliza kila kitu. Kwa nini mhojiwa asikae upande wa dirisha? Kwa nini tunaandika kabila kabla ya jina la mama? Na sentensi iliyokatwa ina kazi gani katika fomu inayohitaji ndiyo au hapana? Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba kukatiza usemi kwa makusudi ni mbinu ya wasemaji hodari. Ilikuwa na jina refu la Kigiriki, nasi tulilikariri kwa ajili ya mtihani. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba mama asiyejua kusoma anaweza kuwa nayo mdomoni tangu kuzaliwa.

Kwa hiyo nilianza kuziokota katika daftari. Watu wa Bukavu, hasa waliosoma, walikata sentensi kwa heshima: "Afisa, na wewe mwenyewe unajua, mutu akiisha kufika pale..." Walitaka umalizie wewe, ili usijisikie mjinga. Jirani aliyekasirika aliikata iwe kitisho: "Endelea tu na kuku zako. Endelea. Ile siku..." Mama wakwe walikuwa mabingwa. Nilimsikia mmoja akiwa kwenye foleni ya maji, mkwe wake amesimama karibu kabisa: "Mi sisemi kitu. Binti za bengine, jua likitoka..." Foleni nzima ikacheka, na msichana wa watu akainua ndoo kabla haijajaa. Lakini watu wa Fizi na Uvira, wakulima, walikuwa na namna yao nyingine ambayo niliiandika katika daftari bila kuielewa. Walikata sentensi kwa kuuogopa mdomo wenyewe. Neno baya likitamkwa, kwao, limeshafunguliwa mlango.

Niliandika yote hayo, na bado niliendelea kuzimalizia. Kwa kweli ningependa kusema nililazimishwa. Afisa Mhoji wa wakati ule alikuwa mama wa Kimalawi mwenye vidole vyepesi na watu wengi wa kuwasikiliza kabla gari halijamrudisha Lilongwe. Mara ya kwanza nilipomwambia, "Amesema: 'Baba yangu na wale askari', kisha amenyamaza," aliinua mikono kutoka kwenye mashine.

"Bambo, siwezi kuchapa kimya. Baba yake na wale askari nini?"

Ningemwambia amwulize mhojiwa. Badala yake nilisema, "Walimuua." Naye yule kijana, tulipomsomea upya, alikubali kwamba ndivyo. Nilikuwa nimepatia. Mara nyingi nilipatia, na hilo ndilo lililoniharibu. Watu wenyewe walinisifu kibarazani: "Muombe Profe. Profe anajua mpaka yenye hujawaza!" Walisema kwa utani, nami nikaupokea kama sifa.

Mama Faida alikuja mwaka wangu wa tatu. Alikuwa mshonaji kutoka Fizi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye cherehani ya kukanyaga aliyoiweka chini ya turubai karibu na kanisa lao. Alikuwa na watoto wawili, na siku ile aliwaacha wamekaa mlangoni. Mahojiano yalikuwa ya kufungua faili la familia. Alisimulia vizuri, bila kulia, akizungusha kipande cha uzi kwenye kidole. Vita vilifika kijijini, walikimbia usiku na mchana, wakafika kwenye mto uliojaa kwa mvua.

"Na mume wako?" aliuliza Afisa Mhoji, nami nikauliza kwa Kiswahili.

"Bwana yangu njo aliingia wa kwanza, aone kama tunaweza kuvuka. Mi nilibakia huku na batoto. Kama mayi ingekuwa chini kidogo..."

Akanyamaza. Uzi ukasimama kwenye kidole.

Nilikuwa nimesikia mito mingi kabla ya ule. Nilijua kila mto unavyoishia. Nikasema kwa Kiingereza, kwa sentensi safi yenye kitenzi: mume wake alisombwa na maji, akafa. Afisa Mhoji akachapa, na mahali pa hali ya ndoa akaandika kwamba ni mjane.

Kisha ikaja kusomewa upya, na hapa ndipo nataka msome polepole. Nilifika kwenye mstari ule. Watoto walikuwa mlangoni, mdogo amelala kwenye bega la mkubwa, na mama yao ananitazama usoni. Kinywa changu kilikataa. Kumwambia mwanamke wa Fizi, mbele ya watoto wake, "mume wako amekufa", wakati yeye hajatamka! Nililelewa, nami nina haya yangu. Kwa hiyo nilisoma hivi: "Bwana yangu aliingia wa kwanza. Kama maji yangekuwa chini kidogo..." Nikanyamaza palepale aliponyamaza yeye, kwa adabu ileile.

Mama Faida akaitikia kwa kichwa. "Njo vile."

Akatia dole gumba.

Niliondoka pale nikiwa nimeridhika kabisa. Afisa alipata sentensi yake nzima, mama alipata heshima yake nzima. Hakuna aliyejua kwamba karatasi ilisema jambo moja na sauti yangu ikasema jingine, na kwamba mtu pekee aliyekuwa na zote mbili kichwani alikuwa mimi.

Miaka ikaenda. Shefu alipata safari ya kuhamishiwa nchi ya baridi, na wale wakalimani wawili wakasema hatimaye sweta imepata kwao. Mimi nilihamishiwa Lilongwe kwa kibali, nikapanga chumba Area 18, nikawa napelekwa hospitali, mahakamani, na kwenye ofisi iliyokuwa Area 49, ambako mkubwa wangu wa pili, Mkuu wa Kitengo, alikuwa na meza pana na birika lake mwenyewe la chai. Alikuwa Mmalawi mpole wa sauti ya chini. Hakuwahi kunigombeza. "Faili zako hazinipi maumivu ya kichwa," aliniambia. "Za wenzako zimejaa vitu vinavyoning'inia." Alinifanya mwalimu wa wakalimani wapya, nami nikawafundisha wasilete vitu vinavyoning'inia.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nafua nguo uani Area 18 niliposikia mtu akibishana na mwendesha kabaza, baiskeli ya abiria, nje ya geti, mmoja kwa Kiswahili, mwingine kwa Chichewa, kila mmoja akiwa na hakika. Alikuwa Mama Faida. Miaka minane ilikuwa imepita tangu mahojiano yale. Aliingia, akakataa kiti, kisha akakikalia.

"Profe, niko na neno. Bwana yangu ametokea."

Nilishika shati lenye povu.

"Iko Karonga, kule mpakani. Mayi ilimutupa mbali, bakamuokota bantu ya chini, mugulu ikavunjika. Akipona, sisi tulikuwa tumeshavuka ziwa. Ametutafuta mupaka Tanzania, amekaa kule kwenye kambi miaka yote. Sasa muimba kwaya mumoja akamuambia, kule Dzaleka kuko Mama Faida wa Fizi, anashona. Njo akakuja." Alicheka kidogo, akajifuta jasho la shingoni. "Sasa Profe, Karonga banamuambia yeye ni muongo. Banasema bibi yake aliandikisha kama bwana yake alikufa. Banasema ameiba jina ya maiti. Wakimaliza kuandika, banamurudisha ng'ambo ya mpaka."

"Wamesema watamrudisha lini?"

"Wiki mbili. Lakini Profe, nani alibaambia alikufa? Mi sikusema! Miaka munane kanisani banagawa sabuni ya bajane, mi sikunyoosha mukono hata siku moja. Pasta ananiandika, mi nafuta. Sikukaa matanga. Kwetu, mutu hujamuzika, huwezi kumuua na kinywa. Kuko mutu mubaya kule kambini, ameniandikia hii. Mi namujua, ni yule mwenye tuligombana naye juu ya plasi ya kuweka cherehani." Akanisogelea. "We ulikuwa pale, Profe. We njo shahidi yangu. Uende ubaambie mi nilisema nini."

Nilimwambia nitaangalia faili Jumatatu. Ulikuwa uoga. Nilijua tayari.

Jumatatu niliomba faili. Sentensi yangu ilikuwa pale, safi, imenyooka, na chini yake dole gumba la Mama Faida na sahihi yangu. Nilijaribu kuuliza maswali, kama kawaida yangu. Je, afisa yeyote asingefikia hitimisho hilohilo? Je, mto uliojaa na miaka minane havimfanyi mtu kuwa mjane kwa mujibu wa akili ya kawaida? Yalikuwa maswali mazuri. Hakuna hata moja lililokuwa na mtu ndani yake. Mtu alikuwa Karonga, mguu mmoja mfupi, akiitwa mwizi wa jina lake mwenyewe.

Niliingia kwa Mkuu wa Kitengo nikamweleza yote: nilichomaliza kwa Kiingereza, na nilichokiacha wazi kwa Kiswahili. Alisikiliza huku akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Amefurahi kupatikana kwa mumewe, huyo amayi," alisema. "Tunaweza kuandika kwamba alikosea. Wanawake waliofiwa hukosea. Tutasema amefanya marekebisho."

"Hakukosea, bwana."

"Najua umeniambia hivyo. Lakini ukiweka jambo hili kwa maandishi, faili zako nyingine zote..."

Akasogeza kikombe.

Sentensi ile ilikuwa ya kitisho, nilikuwa nayo katika daftari tangu zamani, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikuimaliza. Nikauliza: "Zote nini, bwana?"

Alinitazama kana kwamba nimevua viatu ofisini kwake.

"Zitafunguliwa," alisema mwishowe. "Itabidi zifunguliwe. Watu wanaongoja safari watasubiri tena. Nawe hutakaa tena kwenye kiti kile. Ulitaka niseme?"

"Ndiyo, bwana. Zikomo," nikamshukuru.

Alipokwisha kulisema neno lile, tukalipima wote wawili. Hakuwa mtu mbaya. Alifungua droo akanipa karatasi. Niliandika ukurasa mmoja: kwamba mhojiwa hakutamka kifo cha mumewe; kwamba maneno yale ni yangu; kwamba katika kumsomea upya niliyaficha, na kwa hiyo dole gumba lake si ushahidi wa kuyakubali.

Kisha nikapanda minibasi kwenda Dzaleka, kwa sababu kuna mtu ambaye nilikuwa sijamwambia.

Nilimkuta kwenye cherehani, akishona sare ya kwaya. Alinisogezea kigoda kwa mguu bila kuacha kukanyaga.

"Umemuona ile mutu mubaya kwenye faili?"

"Nimemwona, mama. Ni mimi."

Akaendelea kukanyaga. Sindano ikafika mwisho wa mshono, ikaenda hewani kidogo, ndipo akasimamisha gurudumu kwa kiganja. Nilimweleza. Hakunikatiza. Watu wa kanisa walipita wakamsalimia, akawaitikia vizuri, kisha akanigeukia tena.

"We uliona nimenyamaza."

"Niliona."

"Sasa juu ya nini hukuniuliza? Mi nilikuwa pale pale. Nilikuwa karibu nawe kuliko hii cherehani."

Nilianza kumweleza kuhusu afisa, fomu, gari la Lilongwe. Nilisikia nikiongea. Niliacha. Akachukua mkasi akakata uzi, akaanza mkono wa pili wa sare, nami nikaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Mahojiano mapya yalifanyika Dzaleka wiki iliyofuata. Mume aliletwa kutoka Karonga, mtu mwembamba, anachechemea, mwenye koti kubwa la kuazima. Afisa Mhoji alikuwa mwingine, kijana wa kiume, na mkalimani alikuwa Esperansi, binti aliyekulia kambini, ambaye hakupita mikononi mwangu. Mimi niliitwa kama shahidi, nikapewa benchi kando ya mlango. Mume na mke waliulizwa kila mmoja peke yake: jina la mtoto wa kwanza aliyefariki mchanga, nani alibeba nini siku ya mto, jirani wa upande wa migomba. Katibu wa kanisa alileta madaftari ya sabuni ya wajane, ya miaka yote, na kila mahali pasta alipoandika jina la Mama Faida, kulikuwa na mstari juu yake, limefutwa kwa kalamu ya mkono mzito. Afisa alizipindua kurasa zile kwa muda mrefu. Karatasi yangu alikuwa ameshaisoma. Mwisho alisema neno ambalo Esperansi alilipeleka kwa sauti isiyotetemeka: mume ataandikwa kwenye kadi ya familia, na neno mjane litaondolewa.

Yule mwanaume akaweka viganja vyake viwili juu ya meza, akavitazama. Mama Faida akamwambia tu, "Vua ile koti, kuna joto."

Ilibaki hatua moja, ya utaratibu. Afisa alitakiwa kumwuliza kama ana malalamiko rasmi dhidi ya mkalimani wa kwanza. Malalamiko yangeandikwa, yangefuatiliwa, na ningeondolewa kazini siku ileile. Aliuliza, Esperansi akauliza.

Mama Faida aligeuka akanitazama pale kwenye benchi.

"Huyu alinifanya mujane miaka munane," alisema. "Angekuwa mutoto yangu..."

Akanyamaza.

Esperansi alisema kwa Kiingereza yote hayo, neno kwa neno, akasimama aliposimama mama. Kisha akamwambia afisa: "Ameishia hapo. Nimwulize?"

"Mwulize."

"Mama, afisa anauliza kama unataka kumalizia."

Mama Faida alifikiri. Hakuwa na haraka. Mumewe naye alikuwa akimtazama, akingoja kama sisi.

"Hapana," alisema. "Inatosha pale."

Afisa akachapa. Nilipopewa nakala baadaye niliona kwamba aliandika maneno yake, akaweka nukta tatu, na chini yake: mhojiwa hakutaka kuendelea. Ilichukua mistari miwili. Mashine haikuharibika.

Faili zangu zilifunguliwa, kama Mkuu wa Kitengo alivyosema. Katika baadhi yalipatikana makosa ya aina ileile, mengine madogo, mengine si madogo. Familia zilisubiri miezi ambayo hazikustahili kusubiri. Kuna baba mmoja wa Bukavu, tuliyesoma naye chuo kimoja, ambaye hadi leo akiniona anabadilisha upande wa njia, na sioni kosa lake. Niliondolewa kwenye kiti cha katikati. Kwa miaka michache walinituma kutafsiri matangazo ya chanjo na ratiba za mgao, maandishi yasiyo na mtu wa kunyamaza ndani yake, kisha nikaandika barua ya kuacha.

Kwa hiyo nimestaafu nikiwa na miaka arobaini, na watu wananitania kwa hilo. Siku za soko nauza maharage Mitundu. Siku nyingine watu wananiletea barua zao nizisahihishe Kiingereza, nami nawauliza sana kabla sijagusa kitu, mpaka wengine wanakasirika: "Profe, si umalizie tu!" Bado nauliza kila kitu. Tofauti ni kwamba zamani niliuliza sheria, fomu na wakubwa, na sikumwuliza mtu aliyekaa mbele yangu.

Mama Faida na mumewe bado wako Dzaleka. Mume amejifunza kukata vitambaa. Tunasalimiana. Mwaka jana alinishonea suruali, akaniambia nimenenepa, akacheka. Sijamwuliza ile sentensi ingeishaje, kwa sababu aliulizwa mara moja na akajibu.

Lakini najijua nilivyo, na nikiwa nimekaa na maharage yangu, soko likiwa limetulia, huwa naijaribu. Angekuwa mtoto wake angenichapa. Angekuwa mtoto wake angenisamehe siku ileile. Angenifukuza nyumbani, angenifundisha kushona, angelia. Nimepata miisho sita hivi, yote inaingia vizuri, yote ina kitenzi. Na yote, nikiisikiliza, ina sauti yangu.